Filamu nne za vita za nyeusi na nyeupe: uanze na ipi?

Watu wanaojua kwamba napenda picha za zamani huniuliza swali moja: "Nataka kuangalia moja tu ya zile za vita zisizo na rangi. Nianze na ipi?" Zamani nilikuwa nataja jina papo hapo. Siku hizi sijibu mpaka nijue anayeuliza ataangalia na nani, ana muda kiasi gani, na usiku huo ana moyo wa kubeba nini. Niliwahi kumpa rafiki filamu nzuri mno katika wiki aliyotoka msibani. Aliizima katikati, na mpaka leo nikigusia picha za vita yeye hubadilisha mazungumzo. Filamu haikuwa na kosa lolote. Nilimpa wakati usio wake.

Basi nimeziweka nne mezani: All Quiet on the Western Front ya mwaka 1930, Paths of Glory ya 1957, The Cranes Are Flying ya mwaka huohuo, na The Battle of Algiers ya 1966. Moja ilitengenezwa Hollywood, moja ni ya Wamarekani waliokwenda kuipigia Ujerumani, moja ya Kisovieti, na ya mwisho ya Waitaliano na Waaljeria. Zote nimeziangalia zaidi ya mara moja, na kila moja nina mtu ambaye ningempa kabla ya nyingine.

Nitazipima kwa mambo yaleyale. Kwanza, ni vita gani na tunavitazama kwa macho ya nani. Pili, ilivyopigwa, na kukosa rangi kunaifanyia kazi gani. Tatu, uzito wake: nini kitauma, na nani asiwepo sebuleni. Nne, muda na lugha, kwa sababu bando si la bure na kusoma maandishi ya tafsiri chini ya picha kwa saa mbili kunachosha. Halafu nitasema inamfaa nani.

Kabla ya hapo, neno kuhusu rangi. Mwaka 1930 picha za rangi zilikuwepo, lakini zilikuwa changa na ghali. Kufika 1957, na zaidi 1966, mwongozaji aliyepiga nyeusi na nyeupe mara nyingi alikuwa ameamua. Pesa ilikuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba watu wa miaka ile walikuwa wameviona vita vya kweli kwenye habari za sinema, zile filamu fupi zilizotangulia picha kuu, na habari zile hazikuwa na rangi. Jicho lilishazoea kuona kwamba vita vya kweli ni vya kijivu. Tena damu isiyokuwa nyekundu haikuvuti kuitazama. Tope, sare na ngozi vinakaribiana, unabaki na nyuso. Ukiangalia moja ya filamu hizi, jaribu kuhesabu mara ngapi unajikuta umeukazia uso mmoja na kusahau bunduki zilizouzunguka.

All Quiet on the Western Front (1930)

*Vita na macho.* Hivi ni Vita Kuu ya Kwanza, uwanja wa mapambano wa magharibi, upande wa Wajerumani. Paul Bäumer na wanafunzi wenzake wanachochewa na mwalimu wao mpaka darasa zima linasimama kwenda kujiandikisha. Hadithi inatoka kwenye riwaya ya Erich Maria Remarque, aliyekuwa askari katika vita hivyo. Fikiria: miaka 12 tu tangu bunduki zinyamaze, Wamarekani wanatengeneza filamu ambayo stelingi wake ni askari wa adui. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria moja, kwamba stelingi hafi. Hapa usiitegemee.

*Ilivyopigwa.* Mwongozaji, Lewis Milestone, alihudumu katika kitengo cha picha cha jeshi la Marekani wakati wa vita vilevile. Mahandaki yalichimbwa California, na miongoni mwa waigizaji wa ziada walikuwamo waliokuwa askari wa Ujerumani na sasa wanaishi Los Angeles. Wakati huo sauti ilikuwa ndiyo imeingia kwenye sinema, na filamu nyingi ziliwafanya waigizaji wasimame kama waliopigiliwa misumari, karibu na kipaza sauti. Milestone aliyapiga mapigano bila sauti na kuitia baadaye, kwa hiyo kamera yake ikawa huru. Tazama shambulio kubwa la kwanza: kamera inakwenda ubavuni kwa kasi ileile ya rashasha inavyogeuka, na watu wanaanguka mmoja baada ya mwingine kama majani mbele ya fyekeo. Haisimami kwa yeyote.

Kuna buti pia. Kijana mmoja, Kemmerich, amelazwa hospitali, mguu umekatwa na hajui. Chini ya kitanda ziko buti zake, ngozi laini, kazi ya fundi. Mwenzake anaziona na kumwuliza kama bado anazihitaji. Baadaye tunaonyeshwa buti tu, kwanza kwenye miguu ya huyu, halafu ya yule, na kila aliyezivaa hayupo tena. Hakuna anayehutubia. Ni dakika chache, na zinasema kuliko hotuba zote za mwalimu yule.

*Uzito.* Kuna viganja vilivyobaki vimeshika seng'enge baada ya mlipuko. Kuna usiku ambao Paul anakaa ndani ya shimo la kombora na Mfaransa aliyemchoma kisu mwenyewe, akimpa maji na kumwomba msamaha. Mfaransa yule aliigizwa na Raymond Griffith, mchekeshaji wa enzi za filamu bubu ambaye sauti yake ilikuwa imeharibika, asingeweza zaidi ya kunong'ona. Anakufa bila neno, na uso wake unatosha. Udhaifu upo: uigizaji ni wa kizamani, kuna kupaza sauti na kukodoa macho, na mtazamaji wa leo anahitaji nusu saa kuuzoea.

Inafaa ujue ilivyopokewa. Ilipofika Berlin Desemba 1930, Goebbels, kiongozi wa Wanazi, na wafuasi wake waliingia ukumbini na mabomu ya uvundo na panya weupe, na ndani ya siku chache ikapigwa marufuku. Naye Lew Ayres, aliyemwigiza Paul, Vita vya Pili vilipokuja alikataa kubeba silaha, akaenda Pasifiki kama mhudumu wa afya wa jeshi.

*Muda na lugha.* Toleo lililokarabatiwa ni kama saa 2 na robo, kwa Kiingereza. Angalia usichanganye: kuna ya televisheni ya 1979 na ya Kijerumani ya 2022, zote za rangi.

*Inamfaa* anayetaka kuona mzizi ambao filamu nyingi za vita zimetokana nao, mwanafunzi wa sekondari, na yeyote aliyeisoma riwaya. Haimfai asiye na subira na picha kongwe.

Paths of Glory (1957)

*Vita na macho.* Vita vilevile, mahandaki yaleyale, ila sasa jeshi la Ufaransa, mwaka 1916. Jenerali anaamuru kikosi kiteke kilima kisichotekeka. Shambulio linashindwa. Ili jina lake lisichafuke, askari watatu wanachaguliwa kushtakiwa kwa woga, na Kanali Dax, anayeigizwa na Kirk Douglas, anasimama kuwatetea. Hadithi inatokana na riwaya ya Humphrey Cobb ya 1935, lakini mambo ya namna hiyo yalitokea kweli: Machi 1915 makoplo wanne wa Kifaransa walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe huko Souain, na hawakusafishwa majina mpaka 1934.

*Ilivyopigwa.* Stanley Kubrick alikuwa na miaka 28. Aliipiga karibu na Munich, kwenye shamba alilolikodi na kulichimbua likawa uwanja wa vita, na askari wa Kifaransa unaowaona wakisonga kwenye tope ni polisi wa Kijerumani. Mahali nyeusi na nyeupe inapofanya kazi ni kwenye tofauti ya sehemu mbili. Handakini ni giza, moshi, mbao zilizolowa, kamera inarudi kinyumenyume huku ofisa akipita kati ya askari waliobana mgongo ukutani. Kwenye jumba la majenerali ni mwanga, marumaru, sakafu ya miraba, nafasi tele. Kesi ya kufa na kupona inasikilizwa kwenye ukumbi ambao ungefaa kwa dansi.

Baba yangu mdogo alikuwa vita vya Kagera. Niliwahi kuiangalia naye, na kwa muda mrefu hakusema kitu. Wakati wa kesi akaweka kikombe cha chai chini, akauliza: "Hao waliokaa mbele, mbona hawana tope hata kwenye viatu?" Nikarudisha nyuma tukatazama tena viatu. Mimi nilikuwa nimeiangalia mara tatu bila kuviona.

*Uzito.* Damu ni kidogo. Kinachouma ni hasira, ile ya kuona uonevu unafanywa kwa utaratibu, kwa adabu, kwa muhuri. Mmoja wa wale watatu amepasuka fuvu na amefungwa kwenye machela, na bado wanamfinya shavu ili awe macho wakati wa kupigwa risasi. Ufaransa haikuionyesha mpaka 1975. Mwishoni, msichana wa Kijerumani aliyetekwa anasukumwa jukwaani mbele ya askari walevi aimbe, nao wanamzomea, kisha kelele zinapungua. Yule msichana baadaye akawa mke wa Kubrick.

*Muda na lugha.* Dakika 88, Kiingereza chepesi kufuata. Ndiyo fupi kuliko zote nne, na haina hata dakika iliyozidi.

*Inamfaa* aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi anayetupia wadogo makosa yake, na hiyo ina maana wengi wetu. Wanasheria pia, na askari. Haimfai anayetaka kuona mapigano mengi, kwa kuwa shambulio ni moja tu.

The Cranes Are Flying (1957)

*Vita na macho.* Hapa tunatoka handakini. Ni Vita vya Pili, Moscow, na anayetazama ni msichana, Veronika, aliyebaki nyumbani. Mchumba wake Boris amejitolea, naye anaondoka kwenda vitani siku moja kabla ya sherehe ya kuzaliwa ya Veronika. Wanapotezana kwenye umati bila hata kuagana vizuri. Baada ya hapo filamu ni ya kusubiri: barua isiyokuja, mabomu ya usiku, kuhamishiwa Siberia, ndoa iliyoingiwa kwa namna ambayo majirani wanamhukumu bila kujua kilichotokea.

Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu takriban milioni 27 katika vita vile. Wakati Stalin yu hai, filamu zao za vita zilipenda kusimulia ushindi na makamanda. Alikufa 1953, na miaka minne baadaye mwongozaji Mikhail Kalatozov akamweka katikati mwanamke mmoja asiye shujaa, aliyekosea, anayelia. Tamasha la filamu la Cannes liliipa tuzo yake kuu, Palme d'Or, mwaka 1958.

*Ilivyopigwa.* Kama unadhani filamu isiyo na rangi lazima iwe imesimama kama picha ya ukutani, hii itakubadilisha. Mpiga picha Sergei Urusevsky alikuwa mpiga picha wa vita, na alizoea kukimbia na kamera mkononi. Boris anapomkimbilia Veronika kwenye ngazi za ghorofa, kamera inapanda nao ikizunguka, ghorofa baada ya ghorofa. Baadaye Veronika anapanda ngazi kama hizo peke yake, nyumba inawaka moto baada ya kupigwa bomu, wazazi wake wako juu. Anafika, anafungua mlango. Nyuma ya mlango hakuna chumba. Kuna hewa tu, na saa ya ukutani bado inahesabu. Kuna filamu nyingi za vita zenye majengo yanayoporomoka kwa kishindo, lakini mimi hukumbuka ule mlango.

Tazama pia kwenye basi. Veronika amekaa, anachungulia dirishani akiwahi kumuaga Boris. Kamera imo ndani pamoja naye, imeshikwa mkononi. Anashuka, nayo inashuka. Anajipenyeza kwenye umati, inajipenyeza. Halafu anakatiza mbele ya vifaru vinavyopita, nayo inanyanyuka juu mpaka anakuwa kadoa kati ya vyuma na vumbi. Yote kwa pigo moja bila kukata. Na kifo kimoja msituni, nisiseme cha nani, kinaonyeshwa kwa vilele vya miti vikizunguka angani, na ndani ya mzunguko ule unaona harusi ambayo haitafanyika.

Nyeusi na nyeupe hapa ni ya mwanga. Machozi yanang'aa, macho ya Tatyana Samoilova ni meusi kiasi kwamba yanaishika skrini nzima, na Moscow alfajiri, barabara imetoka kumwagiwa maji, inametameta kama chuma.

*Uzito.* Vurugu ni kidogo, lakini huzuni ni nyingi. Kuna tukio la mwanaume kumlazimisha Veronika wakati wa shambulio la anga. Halionyeshwi wazi, lakini linaeleweka, na mtu aliyepitia jambo kama hilo apewe taarifa mapema. Aliyefiwa karibuni namshauri asubiri. Hii ndiyo niliyompa yule rafiki yangu.

*Muda na lugha.* Kama saa 1 na dakika 37, kwa Kirusi. Maneno si mengi, kwa hiyo kusoma tafsiri hakuchoshi. Mosfilm, studio iliyoitengeneza, imeweka filamu zake nyingi kwenye YouTube, basi anza kutafuta huko.

*Inamfaa* anayesema hapendi picha za vita. Inamfaa pia mtu aliyewahi kubaki: mke wa askari, mzazi wa mtoto aliyekwenda mbali na simu haipokelewi. Haimfai anayetaka kuelewa vita vyenyewe, nani alimpiga nani na wapi, maana hilo haliguswi.

The Battle of Algiers (1966)

*Vita na macho.* Algiers, mji mkuu wa Algeria, hasa kati ya 1954 na 1957: wapiganaji wa FLN wanaotaka uhuru, na jeshi la Ufaransa linalotumwa kuwazima. Hii ni vita vya mjini, vya vichochoro na ngazi za Casbah, mji mkongwe wa Waaljeria, ambako adui hana sare. Tunamfuata Ali La Pointe, kijana wa mitaani anayegeuka mpiganaji, na upande wa pili Kanali Mathieu, mtulivu, mwerevu, anayejua anachokifanya. Filamu inaipenda haki ya Waaljeria, hilo halifichwi. Lakini haiwafanyi Wafaransa wote mashetani wala haifichi kwamba mabomu ya FLN yaliua watu wasio na hatia.

*Ilivyopigwa.* Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa kijeshi wa FLN mjini humo, alikamatwa na Wafaransa na kuandika kumbukumbu zake akiwa gerezani. Baada ya uhuru wa 1962 akawa mmoja wa watayarishaji wa filamu hii, na akaigiza ndani yake mtu anayefanana naye. Mwongozaji Gillo Pontecorvo aliipiga Algiers kwenyewe, kwenye mitaa ileile, na karibu wote unaowaona si waigizaji wa kazi hiyo. Jean Martin, anayemwigiza Mathieu, ndiye mwenye fani yake, na alikuwa ametia saini tamko la Wafaransa waliopinga vita vya Algeria.

Picha ina chembechembe, mwanga mkali, kamera inatazama kutoka mbali kama ya mwandishi wa habari aliyebahatika kuwapo. Ilifanana na habari za kweli kiasi kwamba ilipopelekwa Marekani iliwekewa tangazo mwanzoni: hakuna hata futi moja ya filamu ya habari iliyotumika. Kila kitu kiliigizwa. Hapa ndipo kukosa rangi kunapofanya kazi kubwa kuliko kwenye filamu zote nne.

Nenda kwenye wanawake watatu mbele ya kioo. Wanavua mabuibui yao meupe, wanakata nywele, wanazibadilisha rangi, wanajipodoa wafanane na Wafaransa. Hakuna anayesema neno, kuna ngoma tu inayodunda. Kila mmoja anapewa kapu lenye bomu. Wanapita kwenye vizuizi, askari mmoja anatania, wanapita. Kisha mmoja anaingia kwenye mgahawa na kukaa, na kamera inaanza kutazama nyuso: watu wanakunywa, mtoto anakula aiskrimu. Yeye anamwona mtoto. Sisi tunamwona akimwona. Analisukuma kapu chini ya kiti kwa mguu. Kabla ya hapo filamu imekwisha kutuonyesha bomu lililotegwa na polisi usiku kwenye nyumba za Casbah na maiti za watoto zikitolewa kwenye kifusi. Muziki wa maombolezo wa Ennio Morricone na Pontecorvo unapigwa kwa wafu wa pande zote mbili, uleule.

Halafu kuna vigelegele. Kwetu vigelegele ni vya harusi, vya mtoto kuzaliwa, vya mgeni wa heshima. Huku wanawake wanavipiga usiku kutoka kwenye mapaa ya Casbah, gizani, na askari wenye bunduki wanasimama bila kujua wampige nani. Mtu wa Ulaya anayeiangalia huambiwa na wahakiki sauti ile ni nini. Sisi hatuhitaji kuambiwa, na kwa hiyo inatuingia mahali pengine kabisa. Mara ya kwanza niliposikia, nywele zilinisimama.

Msomaji wa Kenya atakapoona watu wakipangwa mstari kwenye vizuizi vya seng'enge, atakumbuka aliyosimuliwa kuhusu Hali ya Hatari ya 1952 na msako wa Nairobi wa 1954. Kwa Tanzania na Msumbiji uhusiano ni mwingine: Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake wa mwanzo walipelekwa Algeria, nchi iliyotoka tu kujikomboa, kufunzwa. Kati ya filamu hizi nne, hii ndiyo inayotuhusu moja kwa moja.

*Uzito.* Ni mkubwa kuliko zote. Inaanza na mtu aliyetoka kuteswa, na mateso yanarudi baadaye, wazi. Watoto wadogo wasiwepo. Ufaransa haikuionyesha kwa umma mpaka miaka ya 1970 ilipoanza, na mwaka 2003, Marekani ilipokuwa Iraq, Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, iliwaonyesha maofisa wake. Kila upande umekwenda kwake kujifunza kitu.

*Muda na lugha.* Saa 2, Kifaransa na Kiarabu cha Algeria. Wasomaji wa Kongo na Burundi wanaojua Kifaransa watapata mengi bila tafsiri. Walioko Oman na Ghuba wasidhani Kiarabu chao kitatosha, lahaja ya huko ina njia yake.

*Inamfaa* mwalimu wa historia, mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, na yeyote anayetaka kubishana baada ya filamu kwisha. Haimfai anayetafuta kupumzika.

Nilizoziacha

Utauliza mbona The Longest Day ya 1962 haimo, ile ya kutua Normandy Juni 1944. Ni kubwa, imejaa nyota, na ina karibu saa 3. Kama unataka kuona operesheni nzima kutoka juu, ni nzuri. Nimeiacha kwa sababu watu ni wengi mno, na ikiisha unabaki bila hata mmoja wa kumkumbuka. Jambo moja zaidi nalisema kwa uchungu: kwenye hizi nne hutawaona wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Carrier Corps ambao jina lao limebaki Kariakoo. Walikufa kwa maelfu katika vita vilevile vya Paul Bäumer na Kanali Dax.

Kwa hali yako

Umetoka kazini umechoka, una saa moja na nusu: Paths of Glory. Itakuamsha, na itakwisha kabla usingizi haujakuzidi.

Unaangalia na mwenza wako, au na mama: The Cranes Are Flying, maadamu nyumbani hakuna msiba wa karibuni. Ukiwa na msiba, hata usianze na yoyote kati ya hizi.

Hujawahi kumaliza picha isiyo na rangi hata moja: usianze na ya 1930, hata kama ndiyo kongwe na yenye jina. Uigizaji wake utakukatisha tamaa bure. Anza na Cranes, kamera itakubeba, kisha uirudie All Quiet macho yakiwa yamezoea.

Una darasa la kidato cha pili au cha tatu: All Quiet on the Western Front, na hata ukionyesha vipande vya darasani na vya buti tu, vinatosha kwa kipindi kimoja. Kwa kidato cha tano na sita: The Battle of Algiers, kwa vipindi viwili. Simamisha baada ya mabomu ya makapu, waache waandike wanachofikiri, ndipo uendelee siku ya pili. Usiwaambie mapema nani ana haki.

Unaangalia na mzee aliyekuwa vitani: muulize kwanza kama anataka, na kaa naye mpaka mwisho. Paths ndiyo ningemchagulia, kwa kuwa mapigano ni machache na mazungumzo baadaye ni mengi.

Na kama una nia ya kuziangalia zote nne, zipe nafasi ya siku kadhaa kati ya moja na nyingine: Paths, kisha Cranes, kisha All Quiet, Algiers iwe ya mwisho. Siku ya Algiers zima taa na upandishe sauti. Karibu na mwisho moshi unatanda barabarani, ofisa anauliza kwa kipaza sauti watu wale wanataka nini, na jibu linasikika kabla wenyewe hawajaonekana.